Japani waliiga, ndiyo, lakini tazama waliigaje

Mkuu, umeuliza kama Japani iliendelea kwa kuwaiga Wazungu tu. Kuiga kulikuwepo, sikatai. Ila anza na hili: meli za kivita za Marekani zilifika 1853, na mikataba ya 1858 ikawanyang'anya Wajapani hata uwezo wa kujipangia ushuru wa forodha. Hawakuwa na nafasi ya kuzembea.

Baada ya mageuzi ya 1868, yaliyouondoa utawala wa shogun (mtawala wa kijeshi) na kumrudishia mfalme madaraka, vigogo wa serikali wenyewe walifunga safari. Ujumbe wa Iwakura, ulioongozwa na kigogo Iwakura Tomomi, ulizunguka Marekani na Ulaya kuanzia 1871 hadi 1873, ukikagua viwanda, shule na mabunge, kila nchi ikichunguzwa kivyake. Kiwanda cha hariri cha Tomioka kilifunguliwa 1872 kwa mashine na mafundi wa Kifaransa. Mabinti waliofunzwa pale wakaenda kufundisha wenzao viwanda vingine, na Wafaransa wakaondoka baada ya miaka michache tu.

Fedha za hayo yote je? Hapa wengi huwa tunaruka. Kodi ya ardhi ya 1873 ilikuwa asilimia 3 ya thamani ya shamba, ilipwe taslimu, mvua inyeshe isinyeshe. Wakulima wakaasi, ikashushwa hadi asilimia 2.5 mwaka 1877. Mwaka huohuo samurai (tabaka la zamani la wapiganaji) wa Satsuma, kusini mwa nchi, nao wakashika silaha, wakapigwa na jeshi la vijana walioandikishwa kwa lazima, wengi wao watoto wa wakulima haohao. (Kwenye picha za zamani sisi tunaona suti na kofia za Kizungu tu.)

Ushuru wa forodha waliurudisha mikononi mwao kikamilifu mwaka 1911.