Muulize Alikwama Wapi

Swali lenu la wiki limeuliza: mtu unayemwamini akikupendekezea riwaya ya Kifaransa ya zamani, uisomeje hadi uimalize? Mimi ningeanza na huyo aliyekupendekezea. Usimuulize kitabu kinahusu nini, muulize alikwama wapi. Aliyekipenda kitabu hukumbuka jinsi kilivyomtoa machozi mwishoni. Zile kurasa alizozisoma huku akipiga miayo ameshazisahau hadi aulizwe, na hapo ndipo wewe utakapokiacha.

Sehemu za kukwama zinajulikana. Les Misérables ya Victor Hugo (1862) inafunguka kwa sura 14 za askofu Myriel, na mhusika mkuu, Jean Valjean, hajaonekana bado. Zisome polepole, maana bila kumjua askofu, vile vinara vya fedha atakavyompa Valjean havitakuwa na uzito wowote. Sehemu ya pili inaanza na vita vya Waterloo, sura 19 mfululizo, na wengi hukifunga kitabu hapo. Ukichoka ruka, ila sura ya 19 usiiruke: usiku, kati ya maiti, Thénardier anampora ofisa Pontmercy msalaba wake wa fedha, saa na pesa, na Pontmercy akizinduka anadhani ameokolewa. Deni hilo la uongo atalirithi mwanawe, Marius, nalo litamfunga mikono mbele ya mhalifu huyo Thénardier.

Le Comte de Monte-Cristo ya Alexandre Dumas ina mkwamo wa namna nyingine. Ilitoka gazetini kwa vipande kuanzia 1844 hadi 1846, na ina sura 117. Dantès, mhusika mkuu aliyefungwa bila kosa, akishatoroka gereza la Château d'If na kulipa wema aliotendewa Marseille, kuanzia sura ya 31 unajikuta na vijana wawili wageni, Franz na Albert, wakijiandaa kwa kanivali ya Roma. Unahisi umebadilishiwa kitabu. Dumas anataka sasa umtazame Dantès kwa macho ya watu wasiomjua, ndiyo maana amemficha. Ikifika sura ya 39 mko Paris, na kisasi kinaanza kusukwa. Kabla ya kununua fungua orodha ya sura: ukiona 60 au 70 tu, hilo limekatwa, lirudishe rafuni.

Unayesoma kwa Kifaransa utasumbuliwa na vitenzi. Kifaransa cha mazungumzo ya kila siku, Bujumbura au Lubumbashi, hakitumii passé simple, ule wakati uliopita wa maandishi, na riwaya zimejaa il fut (akawa), il prit (akachukua), ils firent (wakafanya). Usikariri jedwali zima. Jifunze nafsi ya tatu tu, umoja na wingi, ya vitenzi 20 hivi vinavyorudi kila ukurasa. Angalia il vit, ambayo yaweza kuwa "anaishi" na yaweza kuwa "aliona". Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwani passé simple inafanya kazi ya -ka- yetu: akaingia, akaketi, akasema. Imparfait, wakati uliopita wa pili, ni "alikuwa akiketi", jambo lisilo na mwisho au linalojirudia. Flaubert, katika Madame Bovary (1857), anaweza kukupa kurasa nzima za imparfait kuhusu siku za Emma, mhusika mkuu, na msomaji analalamika kuwa hadithi imelala. Kulala huko kumekusudiwa, ndiko kuchoka kwa Emma kwenyewe. Subiri -ka- itakapokuja.

Tafsiri nyingi za Kiingereza zinazopatikana bure mtandaoni ni za karne ya 19. Ya Madame Bovary iliyozoeleka ni ya 1886, ya Eleanor Marx-Aveling, binti wa Karl Marx. Inasomeka vizuri, ila tofauti ya tu (wewe wa karibu) na vous (wewe wa heshima) haionekani kwa Kiingereza, na wapenzi wa riwaya hizi husogeleana au kukimbiana kwa neno hilo moja.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni pesa. Faranga moja ni sou 20. Écu kwa kawaida ni faranga 5. Napoléon ya dhahabu ni faranga 20. Andika hivyo kwenye karatasi uiweke ndani ya kitabu. Ndipo utakapoelewa kwamba Valjean, baada ya miaka 19 ya kazi ngumu, anatoka na faranga 109 na sou 15, na kwamba ile sarafu ya sou 40 anayomnyang'anya mtoto Gervais ni faranga 2.

Kisha nenda sura ya 8, sehemu ya pili, ya Madame Bovary: maonyesho ya kilimo. Emma na Rodolphe, anayemtongoza, wamekaa dirishani, ghorofani. Chini jukwaani zinatangazwa zawadi. Rodolphe anamwambia kuwa mara mia alitaka kuondoka, akamfuata, akabaki. Sauti kutoka jukwaani, ikitangaza zawadi, inajibu: samadi! Wengi hucheka wakasonga mbele. Soma hadi anapoitwa mtumishi mzee, Catherine Leroux, miaka 54 kwenye shamba lilelile, akipewa medali ya faranga 25. Sehemu ya tatu Emma atadaiwa faranga 8,000, alipe ndani ya saa 24.

Na kama rafiki amekuanzishia ile riwaya ndefu ya Marcel Proust, juzuu 7, mwombe kwa heshima akubadilishie kwanza. Pierre et Jean ya Maupassant (1888) ina sura 9, unaimaliza Jumamosi na Jumapili. Insha iliyotangulizwa mbele yake, "Le Roman", si sehemu ya hadithi. Anza na sura ya kwanza, baharini, mzee Roland akivua samaki na familia yake.