Mkuu, usilipie hizo saa

Simama hapo hapo mkuu. Umeandika unaandaa mashindano ya bakgamoni (ule mchezo wa ubao wenye kete na dadu) hapo Arusha, watu 16, mtoano wa siku moja, mechi za pointi 7 (michezo kadhaa mpaka mmoja afikishe 7), na unauliza kama saa ziwe lazima. Halafu mwishoni unadokeza umeshaelewana na muuzaji: saa 8 za chesi za bei poa (zile za pande mbili, ukibonyeza muda wako unasimama na wa mwenzako unaanza), kila mchezaji dakika 10 kavu, kwa kuwa "wazoefu wa chesi wamesema zinatosha".

Hao wazoefu ndio waliotuponza wengine! Wanashauri mchezo wasioucheza, na kwa kujiamini kweli kweli. Kwenye chesi hakuna kurusha dadu, kungoja zitulie, kuzisoma, kisha kusogeza kete nne pale dadu zinapofanana. Piga hesabu mwenyewe. Mechi ikienda michezo 7, na kila mchezo mtu akapata zamu 25, hizo ni zamu 175. Dakika 10 ni sekunde 600. Anabaki na sekunde tatu na ushee kwa zamu. Hata mwenye mikono ya mchoma chipsi hawezi.

Na hapo ndipo bakgamoni inakufa. Mtu anayeshindwa ubaoni lakini ana dakika nyingi anaganda na kete zake mbili nyuma, anarefusha mchezo makusudi mpaka saa yako iishe. Mwingine anakataa dabo (pendekezo la kuongeza pointi za mchezo mara mbili, ukikataa unaupoteza mchezo huo) aliyopaswa kuikubali, eti aokoe muda. Utagawa zawadi kwa vidole vyepesi.

Kinachotakiwa ni saa yenye sekunde za bure kila zamu. Kipimo kinachotumika sana mashindanoni ni sekunde 12 za bure, na akiba ya dakika 2 kwa kila pointi ya mechi. Pointi 7, basi dakika 14 kila mmoja. Ukicheza ndani ya sekunde 12, akiba haiguswi. Ukizidisha, ndipo inaliwa. Ikiisha, umepoteza mechi. Kwa zile zamu 175, hata wote wawili wakitafuna kila sekunde, mechi haizidi dakika 98. Raundi 4 ni saa sita na nusu bila mapumziko, na hiyo ni kila mechi ikifika huko. Wanaotoka Moshi wana kilomita 80 za kurudi, wafikirie.

Sasa mtego wa pili, huu wauzaji wenyewe hawaujui. Saa nyingi zina mpangilio wa Fischer, unaoongeza sekunde hata usipozitumia. Kwa chesi ni safi. Kwetu ni balaa: mtu aliyenasa kwenye baa (ya ubaoni, kete iliyopigwa inapongoja kuingia tena, siyo ya Njiro) anarusha, hana pa kuingia, anabonyeza ndani ya sekunde 4. Saa inampa 12, anaweka kibindoni 8. Zamu 20 za namna hiyo ni sekunde 160 za kufikiria, alizopewa kwa kutofikiria chochote. Sekunde za bure zisiwe za kulimbikiza. Mpangilio wa Bronstein unafaa, maana unarudisha ulichotumia tu.

Jaribu dukani kabla ya kutoa hela. Weka dakika 14 na sekunde 12. Anzisha, subiri sekunde 5, bonyeza, soma. Ikionyesha 14:00, beba. Ikionyesha 13:55, haina sekunde za bure. Ikizidi 14:00, huenda ni Fischer, tafuta mpangilio mwingine humo ndani au iache. Saa aina ya DGT 1001 usiiguse, ile inahesabu kushuka tu. DGT North American inafaa.

Na ndiyo, ziwe lazima, meza zote, kuanzia raundi ya kwanza. Lile wazo lako la kuleta saa "mtu akichelewesha" lifute. Mpaka ulete saa, dakika 40 zimeshaliwa, na asiye na kosa naye anabanwa. Halafu nani atamwendea mzee wa watu kumwambia anachelewesha? Mji una Mnara wa Saa katikati na bado tunachelewa harusi, usitegemee aibu.

Waeleze kabla ya kuanza: jozi moja ya dadu kwa meza, zamu inaisha kwa kubonyeza, dadu zikiachwa ubaoni, mwenzako ndiye anayeziokota. Ukidabo, sogeza dadu ya dabo, tamka, bonyeza. Anafikiria kwa muda wake. Akikubali anaichukua na kubonyeza, ndipo unarusha. Dadu ikianguka chini, simamisha saa.

Kiingilio na vikombe wengine watakujibu. Wewe tupia hapa picha ya mipangilio ya hiyo saa kabla hujatuma hela.