Siagi kwenye Chardonnay haitoki kwenye pipa

Wengi hudhani harufu ya siagi kwenye Chardonnay, mvinyo mweupe, ya Elgin, Afrika Kusini, ni ya pipa. Hapana, si ya pipa. Ni kazi ya bakteria wanaogeuza asidi ya maliki, yenye ukali wa tufaha bichi, kuwa asidi laini ya laktiki; humo humo huzaliwa diasetili, ndiyo siagi unayoisikia. Mwaloni, mbao za pipa, huleta vanila, karafuu na tosti. Nahudumia mvinyo hotelini Westlands na wateja huchanganya haya mawili kila mara, na wana sababu, maana bakteria hao mara nyingi hufanya kazi mvinyo ukiwa ndani ya pipa. Ila usiionje Chardonnay moja kwa moja kutoka friji, baridi kali huficha harufu. Nyuzi 11 au 12 zinatosha.