Achana na rada: jinsi ninavyomtazama pitcha mdogo

Kila msimu wa besiboli ukianza huku Ohio, wazazi wenzangu wa Kiswahili huniuliza swali lilelile: "Kaka, kijana anarusha maili ngapi kwa saa?" Siku hizi rada ya mkononi, kile kifaa cha kupima kasi ya mpira, ni kitu cha kununuliwa mtandaoni, na baba akishaishika haoni tena kingine chochote uwanjani. Mimi najitolea kama kocha msaidizi kwenye ligi ya watoto, upande wa warushaji, hao wanaoitwa pitcha. Rada ninayo. Inakaa kwenye buti la gari, na kwa watoto walio chini ya miaka 15 siitoi.

Sababu ni mwili. Chukua watoto wawili wa miaka 12. Mmoja sauti imeshakuwa nzito na mabega yameanza kujaa, mwenzake bado mtoto kabisa. Kutoka kilima cha mrushaji hadi kwa mpigaji ni futi 46, yaani mita 14 hivi. Kwa umbali huo, aliyetangulia kukua hana haja ya ufundi, anarusha tu na wenzake wanabaki kupiga hewa. Mwaka 2001 timu moja ya Bronx, New York, ilifutiwa matokeo yake kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto, baada ya kugundulika kwamba pitcha wake, aliyewahi kumaliza mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika besi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia), alikuwa na miaka 14 badala ya 12. Sisi tuliokulia kwenye mechi za shule za msingi tunawajua vijeba. Ila kuna kijeba asiye na hatia, aliyezaliwa mwaka uleule na wenzake na cheti chake kiko sawa, isipokuwa mwili umewahi. Ukimpima kwa kasi unampa sifa isiyo yake, na yule mwembamba unamkatia tamaa bure. Wakifika 16 mambo hugeuka mara nyingi kuliko wazazi wanavyoamini.

Mimi natazama tofauti kati ya mrusho wa 5 na mrusho wa 40.

Vifaa ni simu tu. Simama nje ya uzio upande wa besi ya tatu kama mtoto anatumia mkono wa kulia, au wa besi ya kwanza kama ni wa shoto, ili kifua chake kikuelekee. Weka video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde kama simu inaweza. Rekodi mirusho michache mwanzoni, halafu kaa utulie, ule njugu zako, urekodi tena akishafika 35 au 40. Nyumbani sitisha video pale mguu wa mbele unapogusa ardhi, kwa sababu hapo ndipo karibu kila kitu kinaonekana. Kiwiko cha mkono unaorusha kiwe kimeshapanda kukaribia usawa wa bega, na mpira uwe juu, si bado unaning'inia karibu na paja. Nyonga ziwe zimeanza kumgeukia mpigaji wakati mabega bado yanatazama pembeni. Ukipata nafasi ya kurekodi kutoka nyuma ya kilima, angalia pia mguu umetua wapi. Unatakiwa uelekee kwa mpigaji, vidole vikiwa vimefungwa kidogo kwa ndani. Mtoto wa mkono wa kulia anayetua huku mguu umefunguka kuelekea besi ya kwanza amefungua nyonga mapema, na mkono unaachwa nyuma ukihangaika kuufuata mwili. Kazi ambayo ingefanywa na miguu na kiuno inaangukia bega na kiwiko.

Nguvu ya mrusho inaanzia chini, inapita nyongani, inapanda kiwiliwili, na mkono unaipokea mwisho kabisa. Hili halihitaji darasa. Mtoto wa Tanga au Kilifi anayepopoa embe la juu kabisa hasimami wima akatupa jiwe kwa mkono peke yake. Anarudi nyuma, anakanyaga mbele, anazungusha kiuno, na wala hakufundishwa na mtu. Waliocheza rede ni hivyohivyo. Kuna mama mmoja wa Mombasa, hajawahi kuvaa glovu maishani, alirudisha mpira uliovuka uzio kwa mrusho uliotuacha midomo wazi. Kumbe alikuwa bingwa wa mchezo wa kati shuleni. Kwa hiyo kabla sijamrekebisha mtoto kilimani, namtoa kwenye kilima na kumwambia arushe mbali, juu, kwa raha yake. Mara nyingi mwili unajipanga wenyewe. Akirudi kilimani akawa mgumu kama mti, najua tatizo ni maelekezo mengi aliyopewa, na ninaanza kwa kuyapunguza.

Sasa huo mrusho wa 40. Nina kijana mmoja, mwembamba, heshima tele, akifika uwanjani ni "shikamoo anko" kwanza ndiyo afungue begi. Mirusho yake ya mwanzo ni ya kupendeza, akimaliza kifua kiko juu ya goti la mbele na mkono umevuka hadi paja la upande wa pili. Akichoka, mtu wa jukwaani haoni kitu, straiki, yaani mirusho inayopita eneo halali la mpigaji, bado zinapatikana. Video ndiyo inayomsema. Kiwiko kinateremka kidogo chini ya bega, hatua inafupika, kiwiliwili kinabaki wima na mpira unaanza kupaa. Halafu kuna vitu vya pembeni. Anavua kofia na kuirudisha kila baada ya mrusho, anakung'uta vidole, anachelewa kuitazama ishara ya mdakaji, yule anayeupokea mpira nyuma ya mpigaji. Nikimwendea ananiambia, "Anko, hauumi, umechoka tu."

Hilo neno "tu" ndilo linalonifanya nimtoe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha vijana waliofanyiwa upasuaji wa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuumia. Waliokuwa na mazoea ya kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano mara 36 zaidi wa kuwa kwenye kundi la waliopasuliwa. Waliorusha zaidi ya miezi minane kwa mwaka, mara tano. Kasi tunaizungumza kila siku, uchovu hatuuzungumzi, na ndio wenye namba kubwa kuliko zote.

Usimuulize mtoto "unaumwa?" Atasema hapana, maana anajua akisema ndiyo anatolewa. Muulize kesho yake, nyumbani, mambo ya kawaida: ulipopiga mswaki mkono ulikuwaje, begi umelivaa bega gani, mbona kikombe umekichukua kwa kushoto. Maumivu upande wa ndani wa kiwiko, au bega linalouma kila akirusha, ni ya daktari, si ya barafu na maombi. Kwa umri huo mifupa bado ina sehemu za gegedu zinazokua, na hizo huachia kabla ya kano. Mpira wenyewe hauna huruma, mtoto wa miaka 10 anarusha mpira wa uzito uleule wa watu wazima, gramu 142 hadi 149.

Little League ina kikomo cha mirusho kwa siku: 75 kwa miaka 9 na 10, 85 kwa 11 na 12, 95 kuanzia 13 hadi 16. Kwa walio na miaka 14 kushuka chini, mirusho 66 au zaidi inadai siku nne za kupumzika. Sheria ni nzuri, lakini haimjui mwanao anayecheza timu mbili. Jumamosi amerusha 70 kwenye ligi, Jumapili timu ya kusafiri inamtaka tena, na kocha wa pili hana habari. Mwenye hesabu kamili ni mzazi peke yake, basi kuwa na daftari. Andika tarehe, timu, mirusho, na kama siku hiyo alidaka pia, kwa sababu mdakaji anarudisha mpira kila mara na mkono unayahesabu yote.

Hapa niwaseme wazazi wetu kidogo. Wengi wetu tumelelewa kwamba mwalimu hapingwi, kwa hiyo tunakaa kimya jukwaani huku mtoto anafika 90. Si lazima ugombane. Nenda kwa kocha kabla ya mechi, si katikati, mwonyeshe daftari: "Juzi alirusha 48, leo tunaomba apumzike mkono." Makocha wengi watakushukuru. Asiyeshukuru umeshajua timu ya kumtoa mwanao.

Kuna baba mmoja aliniambia bila wasiwasi kwamba mkono ukiharibika kuna upasuaji wa kiwiko uitwao Tommy John, na wakitoka hapo wanarusha kwa kasi zaidi. Daktari Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa Tommy John mwenyewe, mrushaji wa timu ya Dodgers aliyekuwa na miaka 31 na mkataba wa kulinda. Uchambuzi wa upasuaji huo Marekani kati ya 2007 na 2011 uliwakuta vijana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa zaidi ya nusu ya waliopasuliwa. Unawekewa kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, kisha unakaa mwaka mzima au zaidi bila mechi. Haukuongezei kitu ambacho hukuwa nacho.

Mpira wa kupinda? Subirini. Mpira wa kasi na ule wa polepole unaorushwa kwa mwendo wa mkono uleule vinamtosha mtoto wa miaka 12.

Kipimo kigumu zaidi kinakuja akifika 13, pale kilima kinaposogea hadi futi 60 na inchi 6, mita 18.44, na mara nyingi ni mwaka huohuo anaorefuka ghafla. Mikono imeongezeka, miguu haijui iliko, na mtoto aliyekuwa nyota anaanza kurusha mpira kwenye vumbi. Wazazi wanahaha, wanatafuta kocha wa kulipia, wanabadilisha kila kitu. Tulieni. Little League ina daraja la kati la futi 50; likiwepo karibu nanyi mpitisheni hapo kwanza. Arushe awamu (inning) moja moja, siku nyingine acheze besi ya tatu, na video za mwaka jana msimlinganishe nazo.