Bado unacheza na umeombwa kufundisha: kubali, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Dodoma, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Umemaliza chuo mwaka huu, timu ilikuwa inakutegemea wewe, sasa unacheza ligi ya mkoa, na shule moja ya sekondari imekuomba uwafundishe wasichana wao kikapu. Mmoja hapa kakuambia nyota huwa hawafai ukocha. Mwingine anakushauri usubiri kwanza magoti yachoke ndipo ufundishe. Mimi nasema kubali, na uanze wiki hii hii.

Nimeyapitia. Nimecheza nafasi ya kuchezesha timu tangu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mpaka chuo, nikaingia ligi ya Dar, na kwa miaka minne nilikuwa nafundisha wasichana jioni huku mwisho wa wiki nacheza mwenyewe pale Don Bosco, Upanga. Kwa hiyo haya siyo ya kusimuliwa.

Nianze na siku iliyonifungua macho. Ilikuwa wiki yangu ya pili. Tulikuwa kwenye zoezi la kushambulia kwa kasi, watatu dhidi ya wawili, na halikuwa linakwenda. Nikaingia mwenyewe kuwaonyesha. Nikadunda hadi karibu na mstari wa mitupo huru, nikamtazama binti wa kushoto, mpira nikautoa kulia. Kwangu mimi pasi ile ni sawa na kupumua. Binti wa kulia alikuwa kidato cha pili, na naye alikuwa anaangalia ninakoangalia mimi. Mpira ukampiga puani. Damu ikachuruzika mpaka kwenye fulana yake nyeupe, akawa anaifuta kwa kiganja huku akiniambia, "Samahani, mwalimu." Yeye ndiye ananiomba mimi msamaha!

Fulana ile niliifua mwenyewe kwenye bomba la nje, kwa maji baridi na kipande cha sabuni. Nikiwa naifikicha ndipo nilipojiuliza: hivi kabla ya kuutoa ule mpira niliona nini? Niliona mlinzi kaegemea mguu wa kushoto. Niliona bega lake limegeuka. Haya yote nilikuwa nayaona tangu nina miaka 16, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hata mimi sikujua kwamba nayaona. Hapo ndipo kwenye ukweli wa yule anayesema nyota hawafai. Wengi wanashindwa kwa sababu hawajawahi kulazimika kueleza wanachokifanya.

Baada ya siku ile nikaanza kumfuatilia kwa karibu Dawn Staley, Mmarekani aliyekuwa nyota wa kikapu kisha akawa kocha, na naomba nikueleze habari zake kwa urefu kidogo, maana alikabiliwa na swali lako hili hili.

Staley kazaliwa 1970, mtoto wa mwisho kati ya watano, kakulia Philadelphia Kaskazini kwenye nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini, na kikapu alijifunza akicheza na wavulana wa mtaani. Kimo chake ni kama mita 1.68 tu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1988, na kati ya misimu minne aliyocheza pale, mitatu timu ilifika nne bora ya taifa, yaani nusu fainali ya vyuo. Mwaka 1991 na 1992 alitajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vya Marekani. Lakini ubingwa hakuupata. Fainali ya 1991 walifungwa na Tennessee 70 kwa 67, muda wa nyongeza. Siku hiyo Staley alifunga pointi 28, akachukua ribaundi 11 (mipira inayorudi baada ya mtu kukosa kikapu), na tuzo ya mchezaji bora wa nne bora akapewa yeye, aliyefungwa. Mwaka uliofuata, msimu wake wa mwisho, wakatolewa nusu fainali na Stanford kwa pointi moja, 66 kwa 65. Ukishawahi kupoteza mchezo kwa pointi moja unajua: miaka inapita, lakini ile mipira miwili mitatu ya dakika za mwisho bado unaiona.

Alipomaliza chuo hakukuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake kwao. Fikiria hilo: mchezaji bora wa taifa zima, na hakuna timu ya kumwajiri. Timu ya Olimpiki ya 1992 nayo ilimwacha. Akaenda kucheza Ulaya, Ufaransa, Italia na Hispania, na Brazili pia. Akarudi kwenye timu ya taifa na kuchukua dhahabu Atlanta 1996. Mwaka huo huo ikaanzishwa ligi ya ABL, akajiunga na Richmond Rage na kufika fainali. Desemba 1998 ligi ile ikafa katikati ya msimu kwa kukosa fedha. Mwaka 1999, timu zilipokuwa zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, akachaguliwa wa 9 na Charlotte Sting ya WNBA, ligi nyingine ya kulipwa ya wanawake wa Marekani.

Sasa sikiliza sehemu yako. Mwaka 2000, akiwa anakaribia miaka 30, bado anacheza Charlotte na Olimpiki ya Sydney iko mbele yake, Chuo Kikuu cha Temple kilimtaka awe kocha mkuu. Temple iko Philadelphia Kaskazini, mtaani kwao kabisa. Ukocha haukuwa kwenye mipango yake. Akakubali, na mpaka 2006 alipostaafu kucheza alikuwa na kazi mbili: kiangazi mchezaji wa WNBA, Charlotte kisha Houston Comets, na kuanzia Novemba mpaka Machi kocha wa Temple. Katikati ya kipindi hicho, 2004, alibeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Athens na kurudi na dhahabu ya tatu.

Liliwezekana kwa sababu ya kalenda. Misimu miwili haikugongana. Hili ulishike, kwa sababu ndilo litakalokuponza au kukuokoa: kabla hujamjibu mkuu wa shule, chukua ratiba ya ligi yako na ratiba ya mashindano ya shule, ziweke mezani pamoja, uone zinagongana wapi. Mimi sikufanya hivyo mwaka wa kwanza. Nikajikuta nusu fainali ya klabu yangu iko siku moja na mechi ya mabinti ya mtoano. Nilikwenda kucheza. Walifungwa, na Jumatatu hakuna hata mmoja aliyenilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko kama wangenilaumu.

Kuna jambo jingine ambalo ni maoni yangu, lakini nayaamini kabisa. Msimu wa 2001 ndio uliofuata baada ya mwaka wa kwanza wa Staley pale Temple. Charlotte ilianza vibaya mno: katika michezo 11 ya mwanzo ilishinda mmoja tu. Timu hiyo hiyo ikamaliza ikicheza fainali ya WNBA, ikafungwa na Los Angeles Sparks. Kocha alikuwa marehemu Anne Donovan, naye nyota wa chuo wa zamani, na sifa zake nampa zote. Ila mimi naona mchezesha timu aliyetoka kukaa majira ya baridi nzima akiwaeleza wasichana wa chuo namna ya kutulia, lazima arudi uwanjani akiwa na macho tofauti. Kwangu ilikuwa hivyo. Baada ya mwaka mmoja wa kufundisha nilipunguza kupoteza mipira, na kocha wangu wa klabu akaniuliza nimebadilisha nini. Nilikuwa nimeanza kuzisikia sauti zangu mwenyewe za jioni: "Simama. Tazama. Nani yuko huru?"

Kwa hiyo anayekwambia usubiri magoti yachoke, anakunyima faida ya pande zote mbili. Ukiwa bado unacheza, unamwambia binti kuhusu uchovu wa robo ya nne ukiwa umeuonja Jumapili iliyopita. Ukisubiri miaka kumi utakuwa unakumbuka tu.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba jina linatosha. Patrick Ewing aliipa timu ya Chuo Kikuu cha Georgetown ubingwa wa taifa mwaka 1984 akiwa mchezaji, akawa nyota mkubwa wa NBA, akafanya kazi ya ukocha msaidizi kwa miaka mingi, kisha 2017 akarudi Georgetown kama kocha mkuu. Msimu wa 2021/22 walipoteza michezo yote 19 ya ligi yao, na Machi 2023 akaondolewa. Alikuwa mchezaji mkubwa kuliko sisi sote, na haikusaidia. Kwa hiyo yule ndugu aliyesema nyota hushindwa ana mifano yake, na ni mifano ya kweli.

Na hata Staley alipita kwenye shimo. Temple alikaa misimu 8, akashinda michezo 172 na kupoteza 80. Mwaka 2008 akaacha hiyo timu iliyosimama akaenda Chuo Kikuu cha South Carolina. Msimu wa kwanza: ushindi 10, vipigo 18. Wa pili: 14 kwa 15. Angeweza kuonekana kocha wa kawaida tu. Ubingwa ulikuja 2017, msimu wake wa tisa pale, na nguzo ya timu alikuwa A'ja Wilson, binti wa jirani tu na chuo. Hesabu kutoka fainali ile ya Tennessee mpaka siku hiyo: miaka 26. Ukaja mwingine 2022. Mwaka 2023 walishinda michezo 36 mfululizo wakafungwa nusu fainali na Iowa, na wachezaji wote watano wa kuanzia wakaondoka. Msimu uliofuata, na kikosi kipya, hawakufungwa hata mara moja: 38 kwa 0, na fainali walimfunga Iowa yule yule 87 kwa 75. Mimi mechi ile niliitazama usiku wa manane kwa simu, bando likaniishia robo ya tatu, nikaamka kununua jingine.

Kwako, fanya hivi. Wiki mbili za kwanza usicheze ndani ya mazoezi yao hata kama miguu inawasha. Kaa pembeni na filimbi. Mchezo ukiendelea, piga filimbi, kila mtu agande alipo, kisha muulize aliyeshika mpira: nani yuko huru, na umejuaje? Usimjibie. Mwanzoni watakaa kimya na itakuudhi. Vumilia. Siku ya pili au ya tatu mmoja atasema "huyu, kwa sababu mlinzi wake kageuka", na wengine wote watageuza shingo kutazama.

Yule binti wa fulana nyeupe alianza kuzitoa pasi za kutotazama alipofika kidato cha nne. Kabla ya kutoa ya kwanza kwenye mechi alikuwa amemwambia mwenzake wa kulia: nikitazama kushoto, weka mikono juu.

Daftari langu la mazoezi ya miezi ile ya mwanzo ninalo bado. Jumamosi nitayapiga picha yale ya watatu dhidi ya wawili niyaweke hapa hapa. Na wewe tuandikie ratiba yako na ya shule, tuone zinagongana wapi kabla hujasaini chochote.