Ukianza kazi nyikani, tazama maji kwanza

Ndugu zangu mliomaliza chuo hapa Mombasa na kupangiwa kazi ya malisho huko Samburu ya Kwale, Taru au Kinango, nawaomba jambo moja: mkishuka kwenye matatu, tazameni chini.

Mimi mwaka wa kwanza nilihesabu ng'ombe. Nilijua mifugo ikizidi ardhi huchoka, basi nikawaambia wazee wa Kiduruma wapunguze. Wakanisikiliza kwa adabu, wakaninywesha chai, wala hakuna aliyeuza hata mbuzi. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, lamboni umefika?"

Nikaenda. Pembeni mwa lambo ardhi ilikuwa tupu, ngumu kama sakafu. Mwendo wa saa moja kutoka hapo, nyasi zimesimama hazijaguswa. Mifugo haikuwa na maji kwingine, kwa hiyo ilikanyaga pale pale mwaka mzima.

Chukua chupa ya maji, mwaga kidogo kwenye ardhi kama ile. Yatateleza. Matone ya mvua yakipiga udongo usio na nyasi, chembe laini huziba vitundu, juu pakafanya ukoko. Maji yakikosa pa kuingia hushuka na udongo na kuchimba makorongo. Sasa mwaga kwenye shina la nyasi: yanazama papo hapo. Ndiyo maana mvua yaweza kunyesha na ng'ombe bado akakonda.

Basi yazuieni maji. Chimbeni vishimo vya nusu mwezi, ncha zitazame juu ya mteremko, udongo uwekwe upande wa chini. Kabla ya vuli, pandeni humo mbegu za nyasi za huko huko, juu juu tu. Ukizifukia sana hazioti. Zungusheni miiba, na mifugo isiingie hadi nyasi zitoe mbegu. Mahali pa kupumzisha malisho waamue wafugaji wenyewe, maana mpaka uliochorwa ofisini huvunjwa ukame ukibisha.

Msikimbilie kupanda mti wa mathenge. Uliletwa hapa hapa kwetu mwaka 1973 kufunika machimbo ya Bamburi, baadaye ukapandwa nchi kame kwa nia njema. Leo umekaba malisho Baringo na Tana River.

Na makaa tunayopikia huku mjini, ulizeni yanatoka wapi. Mengine ni miti ya nyika hiyo hiyo mnayokwenda kuitibu. Mimi nilianza kuuliza nilipokuta visiki vibichi kando ya vishimo vyetu.