Mpira wa mkojo baada ya matibabu ya saratani ya tezi dume: maswali na majibu

Maswali ya leo ni kuhusu mpira wa mkojo, yaani mrija laini unaoingizwa kibofuni ili kuutoa mkojo hadi kwenye mfuko ulio nje, na yametoka kwa wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume, na kwa wake na watoto wanaowauguza. Mengi yalianza kwa kuomba radhi, kana kwamba kuulizia mkojo ni kukosa adabu. Si kukosa adabu hata kidogo, na mgonjwa anayenyamaza kwa aibu ndiye tunayempokea usiku wa manane akiwa amezidiwa.

Nimeondolewa tezi dume wiki hii na sina maumivu makali. Kwa nini nisitolewe mpira sasa?

Tezi dume huzunguka mrija wa mkojo mahali unapotoka kwenye kibofu, kwa hiyo inapoondolewa yote, kipande cha mrija huondoka nayo, na daktari hulazimika kukishona kibofu moja kwa moja kwenye mrija uliobaki. Mpira unapita katikati ya mshono huo na kuuachia nafasi ya kupona, huku ukitoa mkojo ili kibofu kisijae na kuzivuta nyuzi. Ndiyo maana wengi hukaa nao kati ya siku 7 na 14, na kukosa maumivu si dalili kwamba mshono umeshapona.

Ndani ya kibofu mpira unashikiliwa na kiputo kilichojazwa maji, mara nyingi yapata mililita 10, kwa hiyo usiuvute kamwe. Ukichomoka wenyewe siku hizi za mwanzo, nenda hospitali saa hiyohiyo na useme tangu mapokezi kwamba umeondolewa tezi dume kwa upasuaji. Asikuwekee mpira mwingine mtu yeyote kabla ya kuwasiliana na daktari aliyekupasua au bingwa wa njia ya mkojo, kwa sababu kuusukuma bila kuona unakopita kunaweza kuuachanisha mshono. Nalisisitiza hili kwa sababu mhudumu wa zamu, kwa nia njema kabisa, anaweza kutaka kukusaidia upesi.

Mara kwa mara nabanwa na mkojo ghafla, tumbo la chini linakaza, na mkojo kidogo unapita pembeni ya mpira na kunilowesha. Je, mpira umewekwa vibaya?

Yaelekea haukuwekwa vibaya. Kibofu hukihisi kiputo kama kitu kigeni na hukaza misuli yake ili kukisukuma nje. Kwa kuwa kiputo hakitoki, mkojo kidogo hupenya pembeni. Hali hii huja na kuondoka, na huzidi mtu anapokwenda haja kubwa. Usijikamue ukisaidiana nayo. Kaa, vuta pumzi polepole, iache ipite.

Kabla ya kuridhika kwamba ni mkazo tu, tazama mfuko. Kama mkojo unaendelea kuingia, njia iko wazi. Kama hauingii, fuata mpira kwa vidole vyako tangu pajani hadi kwenye mfuko, ukitafuta mahali ulipojikunja, ulipokaliwa au ulipobanwa na mkanda wa suruali. Hakikisha mfuko uko chini ya usawa wa kibofu na haujajaa, kisha ubadili mkao au utembee kidogo. Jiulize pia ulipata choo lini, kwa maana choo kigumu kilichojaa nyuma ya kibofu kinaweza kuugandamiza mpira na pia kukichochea kibofu kukaza. Ukiona saa mbili zimepita bila mkojo kuingia kwenye mfuko, nenda hospitali. Tumbo likianza kujaa na kuuma, usingoje hata hizo saa mbili.

Mkazo ukikunyima usingizi, mwambie daktari, kwa kuwa zipo dawa za kutuliza kibofu, kama oksibutinini. Zinakausha kinywa na zinaweza kufunga choo, na daktari atakuelekeza siku ya kuziacha kabla mpira haujatolewa, ili kibofu kipate nguvu ya kukojoa.

Nimeona damu kwenye mfuko. Nitajuaje kama ni hatari?

Mkojo wa rangi ya waridi, hasa baada ya kutembea au kwenda haja kubwa, ni wa kawaida siku za mwanzo na husafika ukipumzika na kunywa maji. Unaotia wasiwasi ni mkojo mwekundu mzito usioangaza, au wenye mabonge ya damu, kwa sababu mabonge huziba mpira. Kwa hilo nenda hospitali mara moja, na vilevile ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutetemeka kwa baridi, au maumivu ya kiuno yanayozidi.

Ukitaka kupunguza damu, linda choo kiwe laini kwa maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi, na umwombe daktari dawa ya kulainisha. Usiingize dawa wala bomba njia ya haja kubwa bila ruhusa yake, maana ukuta wa utumbo uko jirani kabisa na jeraha.

Ni mimi ninayemhudumia baba. Nimsafishe vipi bila kumletea maambukizi?

Ahsante kwa kumhudumia mzee. Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada, kisha osha kwa sabuni laini na maji pale mpira unapotokea, ukifuta kutoka mwilini kuelekea nje na kuushikilia usivutike. Kama hajatahiriwa, rudisha govi mbele baada ya kulisafisha, kwa kuwa likiachwa nyuma huvimba na kukaba. Utando mkavu unaoganda pale mpira unapotokea hutoka kwa maji tu. Usipake poda wala mafuta.

Mfuko umwagwe unapofika nusu au zaidi kidogo, kabla uzito wake haujaanza kuuvuta mpira, na koki yake isiguse choo. Usiku, mfuko mkubwa wa kulalia uunganishwe chini ya mfuko mdogo unaofungwa mguuni bila kuubandua, kwani kila kiungo kinapofunguliwa vijidudu hupata njia. Mfuko wa mguuni kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku 5 hadi 7. Kama afya ya moyo na figo inamruhusu, anywe lita moja na nusu hadi mbili kwa siku.

Je, naweza kuoga na kutoka nyumbani?

Oga kwa maji yanayotiririka, usijilaze ndani ya maji. Tembea kila siku, vaa suruali pana, na epuka kunyanyua vitu vizito mpaka uruhusiwe.

Mume wangu alitibiwa kwa mionzi na ameambiwa mpira utakaa muda mrefu. Je, tendo la ndoa limekwisha kwetu?

Halijakwisha, mama. Jeraha la upasuaji lingehitaji kusubiri, lakini kwa mpira wa muda mrefu wapo wanaoulaza kando ya uume, wakaubandika na kuvaa kondomu juu yake. Njia iliyo rahisi zaidi ni mpira unaoingia kibofuni kupitia tumbo la chini, ambao huacha uume huru. Mwende pamoja kwa daktari mkaulize kama unamfaa. Ulizeni pia tarehe ya kubadilisha, kwa kuwa mpira wa aina hizi haupaswi kukaa zaidi ya wiki 12.

Siku ya kutolewa itakuwaje, na nitaweza kuuzuia mkojo?

Muuguzi hunyonya maji ya kiputo kwa bomba la sindano na mpira huteleza nje. Huwasha kidogo, kisha basi. Nenda na pedi na nguo za kubadilisha, kwa sababu baada ya upasuaji wa saratani wengi huvujisha mkojo mwanzoni, hasa wakikohoa au wakiinuka. Baada ya mpira kutoka, na si kabla, anza kukaza misuli ya nyonga kama mtu anayezuia hewa isitoke: kaza kwa sekunde chache, legeza, rudia, mara kadhaa kwa siku. Nafuu huja kwa miezi, na kwa wengine huendelea hadi mwaka mzima. Lakini ukishindwa kabisa kukojoa saa chache baada ya mpira kutoka, rudi hospitali siku hiyohiyo.